Windows 10 imekatiwa masasisho: nipandishe kompyuta za dukani ama nibaki nilipo?

Bi Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Ndugu zangu, nina swali na naomba mnisome mpaka mwisho, maana nikilifupisha mtanijibu nusu.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, hatua chache ukiacha Usita wa Mui. Mwaka wa kumi na tano huu. Kazi ni barua za maombi, fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, PIN za KRA za kodi, hati za kupeleka kwa Kadhi, vyeti vya madrasa na kadi za harusi. Shaabani hii harusi zimeshikana, kila mtu ataka kuozesha kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na duka haliwezi kusimama hata siku moja.

Mashine ninazo mbili. Ya mezani ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, nayo ndiyo iliyoungwa na printa. Ya pili ni laptopu yenye Core i5-8250U, niliinunua mtumba mwaka 2021. Zote mbili ni Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoikatia masasisho ya kawaida, sina raha. Nazifungua asubuhi, zafanya kazi kama jana, hakuna lililovunjika. Lakini nawajua watu wanaoingia humu. Mzee ashuka boti kutoka Faza, anipa kitambulisho nikiskani, anitajia paswadi ya eCitizen kwa sauti, kisha akaa barazani angoje. Vitambulisho vya watu wangapi vimepita kwenye mashine ile! Ikiwa mlango umeachwa bila mlinzi, aliyeuacha ni mimi.

Sasa kwa nini sijapandisha Windows 11. Moja ni mkono wangu. Mwezi uliopita mgeni aliyefikia Shela alikuja na laptopu yake tumtolee tiketi. Nikashika mausi, mkono ukaenda wenyewe kona ya chini kushoto, pale kilipo kitufe cha Start tangu nianze kazi hii. Nikakuta nyuzijoto za hali ya hewa. Kitufe kimehamishwa katikati. Nikabofya kulia nibadilishe jina la faili, menyu ikaja fupi, neno Rename silioni. Watu wanne wamesimama mlangoni na mimi natafuta. Windows yangu naijua kama mshona kofia anavyojua vitobwe vyake, sitazami vidole. Nikianza kutazama, foleni yafika kwa jirani.

La pili ndilo zito. Mwaka 2020 Windows 7 ilipofikia mwisho wake, tarehe 14 Januari, nilimwita fundi mmoja, jina silitaji, aniwekee Windows 10 kwenye ile ya mezani. Akasema dakika arubaini. Hakuniuliza diski ina nini, na mimi sikujua kuwa ndilo swali la kwanza. Akaifuta yote. Vyeti vya madrasa tatu vya miaka tisa, mifano ya kadi za harusi, na hati ya wakfu ambayo mzee mmoja aliniletea niiskani kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa yaliwa na mchwa. Ile karatasi haikusalia, na skani haikusalia. Nilimwendea nyumbani nikamwambia uso kwa uso. Hakunikaripia. Alinyamaza kidogo, akachukua bakora yake, akaenda kuswali alasiri.

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nambieni: nipandishe zote, moja, ama nibaki nilipo? Na nikipandisha, nifanyeje nisipoteze hata faili moja?

Fundi Barani, Malindi

Wa aleikum salaam Bi. Pole sana kwa lile la 2020. Fundi anayegusa diski ya mtu kabla ya kuuliza kilichomo ameshakosea kabla hajaanza. Mimi nina kijitabu, mteja ananitajia folda zake moja moja naandika, ndipo nafungua bisibisi.

Mashine zako ni kesi mbili tofauti, usizitie kapu moja.

Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, kilichowafungia watu wengi nje si RAM wala diski, maana inataka RAM GB 4 na nafasi ya GB 64 tu. Ni prosesa, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Chipu hiyo hutunza funguo za siri nje ya diski, kwa hivyo ukiwa umewasha usimbaji, yaani kuifunga diski kwa ufunguo wa siri, mtu akiiba diski peke yake, akaipeleka kwenye mashine nyingine, hasomi kitu. Kwa upande wa Intel hesabu inaanzia takriban kizazi cha nane. 8250U yako imo kwenye orodha. Ile ya mezani haimo. Ziko njia za kuipenyeza kwa nguvu, vijana wanazisambaza kila siku, lakini mimi siweki dukani kwa mtu: Microsoft wenyewe wanasema mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo unayoyatafuta.

Kwa ya mezani kuna mpango wa mwaka mmoja wa nyongeza, unaitwa ESU. Unaendelea kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe toleo la 22H2. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafuta cha Start uhakikishe. Kisha ingia Settings, kwenye Windows Update, utakuta kiungo cha kujiandikisha. Unalipa dola 30, au unatoa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mpango huu umelenga mashine za watu binafsi. Taasisi zenye mitandao yao zina mpango wao na bei yao. Ukichagua hiyo njia ya bure, tazama sana OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, isianze kupakia Desktop yako yote. Nafasi ya bure ni GB 5, itajaa siku hiyo hiyo, na bando itakuwa imekwisha.

Laptopu, ipandishe. Lakini hivi: nunua diski ya nje, nakili kila kitu. Usiamini kuwa kimenakiliwa kwa sababu mstari umefika mwisho. Ichomeke kwenye ile mashine nyingine, fungua cheti kimoja cha 2021, fungua kadi moja ya harusi, fungua skani moja. Ikifunguka ndipo uichomoe na uiweke mbali na duka. Halafu tengeneza flashi ya Windows 11, iwe GB 8 au zaidi. Ukipakua ni zaidi ya GB 5, kwa hivyo tafuta waifai ya mtu. Na hapa ndipo yule fundi alipokuumiza: usiiwashe mashine kwa flashi. Iache iwake Windows 10 kama kawaida, fungua flashi ndani yake, bonyeza setup, chagua kubaki na faili na programu. Ukiwasha kwa flashi ukaanza kufuta sehemu za diski, unakuwa umejenga nyumba mpya juu ya vitu vya watu.

Ukimaliza una siku 10 za kurudi Windows 10 ukiona haikufai, kupitia Recovery. Zikipita hizo, folda ya Windows.old inaondoshwa na mlango umefungwa.

Anza na programu ya PC Health Check, itakwambia kama iko tayari. Na stima mnajua wenyewe huko kisiwani: betri iwe imejaa kabla hujagusa kitu.

Mwalimu wa Pate

Bi Langoni, mimi niko Windows 11 tangu 2022, kazi yangu ni mitihani na vyeti, kwa hivyo nakuelewa.

Mkono utauzoesha. Kitufe cha Start kinarudi kushoto: bofya kulia kwenye ule mstari wa chini, fungua setingi zake, mpangilio uweke kushoto. Ile menyu fupi, shikilia Shift kisha ubofye kulia, utaletewa menyu ndefu ya zamani na Rename yako imo. Kukata, kunakili na kubadilisha jina walivipandisha juu kabisa ya menyu, na mwanzoni vilikuwa vialama vitupu bila neno. Mimi nilikuwa nafuta nikidhani nanakili. Katika toleo la 24H2 wameandika maneno chini yake. Mie ilinichukua wiki mbili kuacha kukasirika.

Lakini hakuna aliyekutajia khati, yaani fonti, nawe unachapa kadi za harusi. Sikiliza. Sisi tuliweka Windows upya kabisa kwenye kompyuta moja. Nikafungua cheti cha kuhitimu juzuu, nikakuta Bismillahi imebadilika sura, herufi zimenyooka kama za gazeti, mistari imesukumana na jina la mwanafunzi limeshuka mpaka kwenye muhuri. Cheti kilikuwa kimeandikwa kwa Traditional Arabic. Khati hiyo, pamoja na Simplified Arabic, Andalus na Sakkal Majalla, tangu Windows 10 haziji zenyewe kwenye kila mashine. Zimo kwenye fungu la ziada la khati za Kiarabu. Ukiongeza Kiarabu kwenye lugha za mashine huletwa, au waenda kwenye vipengele vya hiari uziongeze kwa mkono. Ukipandisha juu ya Windows iliyopo huenda zikabaki, lakini usingoje kujua mbele ya baba wa bibi harusi. Jaribu usiku.

Na printa: kama ni ya zamani, tafuta mapema draiva yake ya biti 64, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa. Windows 11 haina toleo la biti 32 hata moja.

Kijana wa Mokowe

Shikamoo Bi. Kwa ile ya mezani mimi ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na lina masasisho mpaka 2029, bure, na haliulizi TPM. Kitufe cha menyu kiko kona ya chini kushoto palepale mkono wako unapokwenda. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. eCitizen na iTax ni kivinjari tu, na kwa kuchapa kuna LibreOffice. Mimi niko nayo mwaka wa pili. Ikikubali printa yako, umepona.

Bi Langoni, Lamu

Marahaba mwanangu. Nimekaa nikaifikiria. Flashi nitaijaribu, nakuahidi, ila si Shaabani hii. Barua zangu huja za Word kutoka ofisi za watu na hurudi za Word kwa watu, zina majedwali na mihuri, na nimeshaona jedwali likihama mstari mmoja tu na karani akalirudisha. Anayelipa boti mara ya pili ni mteja.

Mwalimu, Allah akulipe kwa la khati. Nimetazama, kadi zangu karibu zote ni Traditional Arabic.

Fundi, ya mezani nimeiandikisha ESU usiku wa jana, njia ya bure, na OneDrive nimeizima isipakie folda. Laptopu imenishangaza. PC Health Check yasema prosesa sawa, TPM sawa, lakini Secure Boot haipo. Na wewe ulisema imo kwenye orodha.

Fundi Barani, Malindi

Imo, Bi. Aliyekuuzia, au aliyeiandaa kabla yake, aliweka Windows 10 kwa mtindo wa zamani. Andika msinfo32 palepale ulipoandika winver, tazama mstari wa BIOS Mode. BIOS ni programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Nina hakika utasoma Legacy, ndio huo mtindo wa zamani; mpya unaitwa UEFI. Secure Boot hukagua programu zinazowaka kabla ya Windows, virusi visijifiche hapo, na haifanyi kazi kwenye mtindo huo.

Hakuna haja ya kufuta. Windows ina chombo chake, mbr2gpt, kinachobadilisha mpangilio wa diski na faili zikabaki mahali pake. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Hiyo ni ya kukagua tu, haibadilishi chochote. Ikikubali, andika tena ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikimaliza, zima, ingia BIOS, geuza Legacy iwe UEFI, washa Secure Boot. Usibadilishe BIOS kabla ya ile amri, mashine haitaiona diski na moyo wako utaruka bure.

Nakala umeshafanya? Umezifungua? Usiponijibu ndiyo mara mbili, usianze.

Bi Langoni, Lamu

Ndiyo, na ndiyo. Sasa nawapa habari kamili, maana mmenisimamia kama ndugu.

Nilianza Alhamisi baada ya isha, duka limefungwa, mwanangu wa kike kando yangu. Diski ya nje nilikuwa nimeagiza, ikaja na mzigo wa basi mpaka Mokowe, ikavuka. Tulifungua faili kumi na mbili kwenye ile mashine nyingine kabla ya kuanza, yeye achagua bila kuniambia na mimi nafungua. Zote zilifunguka. Diski ikapelekwa kwa dada yangu Mkomani usiku uleule.

Ile amri ya kukagua ilikubali. Ya kubadilisha ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha nikaingia BIOS, nikageuza, nikabonyeza kuhifadhi. Skrini ikawa nyeusi. Nawaambia kweli, katika weusi ule nilimwona yule mzee akichukua bakora yake. Mwanangu alinishika bega. Ikawaka, na Windows 10 yangu na picha ya jahazi mbele yake.

Setup niliifungua kutoka ndani kama ulivyosema, nikachagua kubaki na vyote. Asilimia zilikwenda vizuri hadi sitini na kitu, hapo stima ikakatika mtaa mzima. Feni zikanyamaza, taa ya kwa jirani ikazima, na laptopu yaendelea kuhesabu kwenye giza kwa betri. Nimekuombea dua kwa lile neno la betri, Fundi.

Karibu saa saba usiku ikafunguka. Kitu cha kwanza nilifungua kadi ya harusi. Bismillahi ilikuwa vile vile, na mkia wa mim umeshuka pale unaposhuka. Khati hazikuondoka. Hata hivyo nimeongeza lile fungu, nisije nikakutwa.

Leo ni siku ya tisa na nilitaka kuamua kabla mlango haujafungwa. Mkono bado hukosea. Kitufe kimerudi kushoto, lakini ndani ya Start vitu vyangu vimepangwa kwa namna nyingine na zile programu nisizoziomba nimeziondoa moja moja. Menyu fupi siipendi na sidhani nitaipenda, nimeshazoea Shift. Printa nimeichomeka, imekubali kwa draiva ileile. Kilichoniamulia ni mama mmoja wa Matondoni aliyekuja jana na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Aliniuliza, mwanangu, hiki ukishakitia humo kiko salama? Miezi yote hii nilikuwa naitika kwa kichwa. Jana nilimjibu kwa mdomo.

Basi laptopu yabaki Windows 11. Kazi zote zenye vitambulisho na paswadi nimezihamishia hapo. Ya mezani yabaki na printa, kadi na ratiba za Ramadhani ambazo misikiti imeshaanza kuagiza, mpaka Oktoba, na kabla ya hapo nitakuwa nimeijaribu flashi ya kijana wangu wa Mokowe.

Kwa kuwa laptopu huenda nayo nyumbani, nikishapita siku ya kumi nitaiwashia ule usimbaji wa diski. Nimesoma kuwa ufunguo wake wa kurudishia ni tarakimu 48, na ukipotea hakuna fundi awezaye kuifungua. Mwanangu atanisomea sita sita, mara nane, mimi naandika kwa wino, kisha mimi namsomea yeye arekebishe. Karatasi moja itakaa kwa dada yangu ndani ya bati la biskuti, pamoja na hati ya nyumba. Ya pili sijajua niiweke wapi pasipo na unyevu. Fundi, wewe zako wawawekea wapi wateja wako?